Mama Vikombe na Mwavuli Mwekundu wa Stesheni

Saa moja asubuhi. Mlango wa tanuru unafunguka na joto linawarudisha watu wote nyuma hatua mbili, isipokuwa mmoja.

Mwanamke mfupi mwenye aproni ya ngozi amesimama palepale, jicho moja amelifumba, anachungulia ndani. Midomo inahesabu bila sauti. Kisha anainua mkono. "Toa!"

Wenzake wawili wanavuta toroli. Bamba la chuma lenye ukubwa wa mlango linatoka likiwaka lote. Linavyopoa, rangi zinajitokeza moja moja: manjano, bluu, kisha uso wa mwanamke anayesubiri treni.

"Hapa ndipo huwa natabasamu," anasema. "Nina miaka ishirini na sita ya kazi na bado natabasamu kama mjinga."

Kiwandani wanamwita Mama Vikombe. Alipoajiriwa, walikuwa wakitengeneza vikombe na sahani za bati, naye akipaka ukingo wa bluu kwenye vikombe mia tano kwa siku. Plastiki ilipoteka soko, wafanyakazi mia na ishirini wakabaki kumi na wanne, tena kwa nusu mshahara.

"Mume wangu ni fundi cherehani. Mwaka ule yeye ndiye aliyetulisha, na hakunisimanga hata siku moja," anasema. Anafikiri kidogo. "Labda mara moja. Haya, mbili."

Nafuu ililetwa na shirika la treni za mjini. Lilitaka picha za kupamba kuta za stesheni, zisizopauka kwa jua wala kuchubuka kwa mabega ya abiria. Ufundi ni uleule wa vikombe: unga wa kioo wenye rangi hupakwa juu ya chuma, kisha huchomwa kwa nyuzi joto mia nane mpaka uyeyuke na kung'ang'ania. Ila picha moja huingia motoni hata mara sita.

Stesheni ya kwanza ilihitaji mabamba arobaini na nane. Arobaini na saba yalitoka salama. La mwisho, lenye mwavuli mwekundu, likawatoa jasho. Mwavuli ulitoka na rangi ya maini. Wakapaka upya, wakachoma, maini tena. Zilibaki siku nne kabla ya ufunguzi, na chuma kilishaanza kupinda. Kisingestahimili zaidi ya moto mmoja tena.

"Kipimo cha joto kinasema sawa," msimamizi alisema.

"Kipimo kiko mlangoni, bosi. Mwavuli uko nyuma, kona ya kushoto. Kule kunaunguza tangu enzi za vikombe."

"Sasa unatakaje?"

"Tuligeuze bamba. Na mniachie mimi niseme litoke lini."

"Likiharibika?"

"Sema ni mimi. Utanikuta hapahapa."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Haya, mama. Ni lako."

Wakapaka mwavuli upya, wakaligeuza bamba, wakaliingiza. Badala ya dakika tano, alilitoa kwa tatu na nusu. Mwavuli ulianza mweusi, ukaja kahawia. Mtu akaguna. Halafu taratibu ukawa mwekundu, wekundu wa pilipili iliyoiva.

"Msimamizi akanikumbatia na shati lake jeupe, na mimi aproni ilivyo chafu! Sijui mkewe alimwambia nini."

Stesheni ilipofunguliwa, Mama Vikombe alimpeleka mama mkwe wake kuona. Bibi huyo haamini kitu mpaka ajaribu. Alitoa ufunguo wa nyumba, akaukwaruza mwavuli. Mlinzi akaja mbio.

"Nikamwambia, 'Mwache tu, baba, haukwaruziki.' Mama akaukagua ule ufunguo, akasema, 'Kumbe! Mwanangu, hii itatuzika sote.'"

Sasa kuna oda za stesheni tatu zaidi, mshahara umerudi kamili, na wafanyakazi wamefika thelathini na mmoja. Mama Vikombe anawafundisha wanawake wawili wapya kusoma moto kwa jicho.

Akistaafu, miaka mitatu ijayo, anataka kufungua karakana ndogo ya vibao vya namba za nyumba na majina ya maduka. Tanuru dogo la mtumba ameshaliona. Chumba pia amepata, ila mlango wake ni mwembamba.

"Itabidi tuvunje ukuta kidogo," anasema.

Mwenye nyumba amekubali?

"Mwenye nyumba ni shemeji yangu," anajibu, akivaa glavu zake. "Bado sijamwambia."