Baba Alisema Tutaona

Nyumbani kwetu Kibirichia, chini ya Mlima Kenya, neno "tutaona" lilikuwa na maana moja tu. Ukiomba viatu vipya, tutaona. Ukiomba kwenda na wenzako ziara ya shule, tutaona. Tulikua tukijua kwamba baba akishasema hivyo jambo limekwisha, rudi jikoni ukamenye viazi. Ndiyo maana nilipomfuata shambani kumwambia kwamba nimepata kazi ya uuguzi Uingereza, na kwamba tunahama wote, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, naye akaegemea jembe na kusema, "Tutaona, mama," nilirudi kwangu Embu nikiwa nimenuna njia nzima.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mkataba nilikuwa nimeutia saini, viza ilikuwa imetoka, na majirani walikuwa wameshaanza kuulizia makochi yetu. Lakini mama alikuwa ametutoka miaka mitatu kabla, na baba ndiye mzazi niliyebaki naye. Nikajiapia kwamba sitapanda ndege bila neno lake. Si kwamba angenizuia; mzee huyo hajawahi hata kunipigia kelele. Ila kuondoka huku amenyamaza ni mzigo ambao nisingeuweza, na ninajijua. Mume wangu, Mwembu mpole kuliko ninavyostahili, aliniuliza mara moja tu, "Na asiposema?" Nikamwambia aache kunitafutia maneno.

Zilipobaki wiki mbili tusafiri, baba akapiga simu. Hakusalimu kwa urefu kama kawaida yake.

"Nataka munipeleke Nairobi," akasema. "Nione."

Alikuwa hajafika Nairobi maishani mwake. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini mtu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la viazi hana siku ya kwenda kutembea. Nilifurahi ajabu. Nikawaza, mzee amelainika, nikimtembeza vizuri neno litamtoka. Mimi ni mtu wa orodha, hata wodini wenzangu hunicheka, basi nikakaa chini nikaandika ratiba ya siku mbili, kila kitu na saa yake: makumbusho, nyoka, mashua za bustanini, jumba refu, wanyama, aiskrimu. Kaka yangu akaachiwa ng'ombe.

Baba aliteremka Embu akiwa amevaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu, kana kwamba Nairobi kuna baridi kama ya kwetu. Asubuhi iliyofuata tukaingia kwenye gari letu, ambalo mnunuzi alikuwa amekubali tubaki nalo hadi siku ya ndege. Kimeru cha watoto wangu ni cha salamu tu, na mume wangu ana Kiembu chake, kwa hiyo ndani ya gari tulizungumza Kiswahili chetu cha mlimani, kile kisichojali ngeli. Baba alikaa mbele. Tulipopita Mwea aliutazama mpunga kwa heshima, akasema, "Hii watu iko na maji."

Siku ya kwanza ilinishinda. Kwenye makumbusho watoto walikimbilia nyoka, baba akasimama mbele ya vibuyu na vigoda vilivyowekwa nyuma ya kioo akauliza ni kwa nini vyombo vya watu vimefungiwa. Bustanini alikataa kupanda mashua, akabaki ukingoni ameshika mikoba yetu yote. Mwanangu wa miaka mitano akamwita babu yake kutoka majini, "Guka, kuja, iko poa!" Guka akapunga mkono. Kila tulipomaliza mahali nilimwuliza, "Umeonaje, baba?" Naye akajibu, "Ni kuzuri." Nilikuwa nikimchunguza uso kama mgonjwa ninayesubiri homa yake ishuke.

Mchana tukapanda lile jumba refu ambalo ukiwa juu unauona mji wote. Ndani ya lifti alinishika mkono, akauachilia tu mlango ulipofunguka. Huko juu kulikuwa na upepo mkali. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akiutafuta Mlima Kenya, anataka kujua kama kwa guka kunaonekana. Guka mwenyewe alikuwa akitazama chini, mtaa baada ya mtaa, ameshikilia kofia.

"Soko iko wapi?" akaniuliza.

"Soko gani, baba?"

"Ile viazi inaenda."

Nilimwonyesha upande mmoja kwa kubahatisha. Nikamwambia hakuna cha kuona huko ila matope na mikokoteni, halafu kesho tuna ratiba ya wanyama, ataona simba, ataona ndovu.

"Ndovu inakula viazi yangu kila mwaka," akasema. "Sasa nikate tiketi ya kuiona?"

Mume wangu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika, niseme ukweli. Niliona siku zinaisha na mzee anazungumza habari za soko. Usiku huo niliikunja ratiba nikaitupa kwenye pipa la hoteli.

Kwa hiyo siku ya pili, badala ya simba, tukaenda soko la jumla. Tulifika mapema, malori yakiwa bado yanashusha, na nilikuwa sijakosea: matope yalikuwepo. Lakini baba aligeuka mtu mwingine. Jana alikuwa akitufuata nyuma kama mgeni. Leo alitutangulia, mikono mgongoni, akipita katikati ya magunia na kusoma udongo uliokauka juu ya viazi. Akasimama kwenye fungu moja, akachukua kiazi, akakisugua kwa kidole gumba. Ganda likachubuka.

"Hii waling'oa haraka," akamwambia mama aliyekuwa akiuza. "Haikukomaa."

"Mzee, watu wa chipsi hawangoji ikomae," mama akajibu. "Kwani wewe umetoka wapi?"

"Kibirichia."

"Ala! Kumbe ni nyinyi mnatulisha hapa!"

Akampangusia kreti, akamkalisha. Wakazungumza karibu saa nzima. Baba alitaka kujua malori ya kwetu hufika saa ngapi, viazi vikubwa huenda kwa nani, vidogo huenda wapi, na vinavyooza hutupwa wapi. Mama wa watu alijibu yote huku akipimia wateja wake. Mwishowe akatuelekeza kwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara, akasema nenda uone mwenyewe, mzee, pale wananunua kwangu.

Tukaketi kwenye benchi watu watano, kila mmoja na sahani yake. Baba alikula chipsi moja moja, bila sosi ya tomato, huku akiwatazama waliokuwa wakiingia: karani mwenye tai, wanafunzi wawili wa chuo, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

"Kumbe ni hawa," akasema.

Akafuta vidole kwa kitambaa. "Mama, mimi nimelima viazi tangu hujazaliwa. Dalali anakuja kwa shamba, lori inajaa, inaenda, mimi narudi kwa nyumba. Hakuna siku nilijua imefika wapi. Sasa na wewe unakuja unaniambia unaenda, na bwana, na watoto. Nikupakie tu hivyo, nirudi kwa nyumba?"

"Baba, mimi si kiazi," nikasema, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka.

Binti yangu akapaliwa na soda kwa kicheko. Baba naye akacheka, na mimi nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu, kwa sababu hapo ndipo nilipomwelewa. Tutaona yake haikuwa hapana. Alikuwa amemaanisha tutaona, kwa macho, basi. Pengine hata ningengoja kidogo enzi zile, vile viatu pia ningeviona.

Ila neno lenyewe hakulisema. Ndege yetu ilikuwa Jumanne, leo ni Ijumaa, na gari tayari limeelekezwa barabara ya kurudi. Tulikuwa tumesimama kwenye taa za barabarani alipouliza, "Hiyo pasipoti mulitoa wapi?"

"Kwa uhamiaji, baba. Hapo mbele."

"Nionyeshe."

Mume wangu alinitazama kupitia kioo, akakata kona bila kuuliza. Nje ya jumba la uhamiaji kulikuwa na foleni ndefu ya vijana wenye bahasha. Baba aliipita yote, akaenda moja kwa moja kwa askari wa mlangoni, akavua kofia.

"Mzee wa miaka sabini na mbili anapewa pasipoti?"

"Anapewa, mzee. Hata wa mia," askari akasema. "Uko na makaratasi?"

Baba akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, akanipa mimi nimsomee askari. Ndani kulikuwa na kitambulisho, kadi ya ubatizo iliyofifia maandishi, na barua ya chifu ya kuthibitisha mahali alipozaliwa. Barua ilikuwa na muhuri. Niliisoma tarehe, nikairudia tena. Chifu alikuwa ameipiga muhuri siku tatu tu baada ya siku ile ya shambani.

Nikapandwa na hasira katikati ya watu. "Baba! Miezi miwili silali! Kama ulikuwa umeshakubali, mbona hukuniambia?"

"Kukubali nini?" akasema taratibu. "Hukuniuliza. Ulikuja kuniambia."

Ilikuwa kweli tupu. Nilimwendea na mkataba uliokwisha tiwa saini, nikamsomea habari kama redio, kisha nikanuna miezi miwili nikidai jibu la swali ambalo sikuwahi kuuliza. Nilijionea aibu pale mbele ya askari, na aibu hiyo ilinistahili.

Mume wangu akawashika watoto mikono, akawasogeza kando. Watu kwenye foleni walikuwa wakitutazama, nikawaacha watazame.

"Baba," nikasema, kwa Kimeru sasa, "niende?"

Kwa Kimeru baba hana kosa hata moja la sarufi.

"Nenda, mama," akasema. "Nenda na mume wako na watoto wako, mkae vizuri. Mimi nitakuja niione hiyo nyumba yenu, nijue unalala wapi."

Kisha akachukua makaratasi yake mkononi mwangu, akamgeukia askari, akamwuliza mstari unaanzia wapi.