Pilau ya Posa na Watu Waliokuwa Njiani

Mpaka leo nikipita karibu na kibanda cha fundi mmoja wa nguo pale Yeoville, hapa Johannesburg, huwa navuka barabara niende upande wa pili, hata robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu kwangu, maana yule fundi akiniona anapaza sauti mbele ya wateja wake, "Mpishi! Leo iko nini?" na watu wote wanageuka, na mimi ni mtu ambaye nikitazamwa na watu wawili kwa pamoja masikio yanashika moto. Kwa hiyo ninyi nawaeleza kwa kuandika, polepole (mimi nikiandika ni kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia), kwa sababu kwa mdomo siwezi, na kwa sababu mkasa huu umeshasimuliwa sana hapa Bellevue na kila anayesimulia ananifanya mjinga kuliko nilivyokuwa. Kidogo tu, lakini kuliko.

Yote yalianzia kwa mama mmoja wa Indonesia ambaye sijawahi kumwona. Mimi kazi yangu ni kukunja vitambaa kwenye duka moja la Marshalltown, na kazi hiyo haidai maneno, jambo ambalo lilinifaa sana. Jioni nikirudi nyumbani kwa shangazi najilaza na simu yangu na kumsoma Mbak Rini (mbak kwao ni kama sisi tunavyosema dada). Huyu mama anaandika kila kitu. Nguo alizoanika zikanyeshewa, ameandika. Paka wa jirani kalala juu ya pikipiki ya mumewe, kapiga picha. Mtoto kakataa uji, kaandika habari ndefu kama hotuba. Lakini chakula ndiyo zaidi: kwao hakuna anayetia mkono sahanini kabla ya picha, na ukitazama vizuri pembeni mwa picha unaona vidole vya mumewe vimesubiri, maskini. Kisha anaandika pilipili alinunua wapi, jirani alisema nini, na namna ya kupika, na simu yangu inanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuchekesha.

Na mwisho wa kila andiko anaweka maneno yaleyale: karibuni nyumbani. Chini yake watu mamia wanajibu, "Niko njiani!" "Naleta sahani yangu!" "Fungua mlango!" Mwanzoni nilimwonea huruma, nikawaza wote hao atawalisha nini. Kesho yake namsoma tena, hakuna aliyekuja, chakula kimebaki, na kila mtu amefurahi. Nikaja kuelewa kwamba ndiyo adabu yao kule: wewe unakaribisha, wao wanasema wako njiani, halafu kila mtu anakula kwake. Jamani, niliupenda huo mtindo. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, ugeni bila wageni ni kitu kizuri sana.

Sasa ikafika Jumapili ya posa ya Rukia.

Rukia ni mtoto wa shangazi, kwangu ni dada, na ndiye peke yake katika nyumba hii anayejua kwamba nikinyamaza sijakasirika. Alikuwa amependana na kijana mmoja anaitwa Salim, Mzanzibari anayekaa Turffontein, na wazee wa Salim walikuwa wanakuja kuleta posa. Hatukuwahi kuwaona hao wazee, tulisikia sauti zao kwenye simu tu. Salim mwenyewe hakutakiwa kuja, na Rukia hakutakiwa kutoka chumbani, desturi ndivyo ilivyo. Shangazi Mwanaidi aliamka alfajiri akapika sufuria kubwa ya pilau, ile anayoiazima kwa mama wa vyumba vya nyuma, na harufu ilijaa nyumba nzima hadi wapangaji wengine wakaanza kupita koridoni bila shughuli. Alikuwa na hofu. Yule Mzee Haji, baba mkubwa wa Salim, alisifika kwa kukataa. Alikwenda kuwaposea vijana wa ukoo wake kwingine, na mara nyingine aliondoka bila hata kukaa, mara eti kapeti chafu, mara chai baridi.

"Sudi," shangazi akaniambia akienda kuoga, "kaa hapa jikoni. Usiguse kitu."

Sikugusa kitu. Niligusa simu.

Nilifunua sufuria, mvuke ukapanda, mwanga wa dirishani ukaingia vizuri, ile pilau imekaa rangi ya kahawia na vipande vya nyama vinang'aa, na mkono wenyewe (nasema mkono wenyewe) ukapiga picha. Picha ikatoka nzuri ajabu. Nikasema picha kama hii kuiacha ifie kwenye simu ni dhambi. Kuna ukurasa mmoja wa Waswahili wa Jozi, wako Watanzania, Wakongo, Wakenya, Warundi, na mimi nimo kitambo lakini sijawahi kuandika hata salamu. Siku hiyo nikaandika. Ilinichukua muda, lakini nikaandika kila kitu kama afanyavyo Mbak Rini, na mwisho nikaweka karibuni nyumbani, na kwa kuwa yeye huwa anaweka na ramani, nikaweka na ramani.

Majibu yakaanza kuingia. "Eish, hii pilau!" "Niko njiani." "Nakuja na rafiki." "Sharp, kaka, mniwekee." Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikasema kumbe na Waswahili wanaijua hii adabu.

Sikumaliza kufurahi, nikasikia hodi.

Shangazi alitoka mbio akiwa amefunga mtandio upande mmoja. Mlangoni alisimama baba mmoja mnene, suti ya buluu, tai nyekundu, viatu unaweza kujitazamia, na mkewe amevaa kitenge cha kushona, na nyuma yao kijana mrefu mwenye sare ya ulinzi. Wametoka kanisani moja kwa moja, lakini hilo tulilijua baadaye. Shangazi alichokiona ni watu wazima waliovaa vizuri, Jumapili, mlangoni kwake.

"Karibuni, karibuni sana, tulikuwa tunawasubiri!"

"Asante sana, mama," yule baba akasema, amefurahi kusubiriwa. "Tuliona ile picha tukasema hapana, leo lazima tufike."

Shangazi akainamisha macho kwa haya, maana alijua Salim alikuwa amewapelekea wazee wake picha ya Rukia.

Jikoni, mjomba Bakari, yaani mume wa shangazi, akamvuta pembeni. "Mwanaidi, Mzanzibari gani anavaa tai?"

"Hii ni Jozi, Bakari. Acha ushamba, beba sinia."

Mimi nilikuwa nimeganda karibu na jokofu. Yule mlinzi nilikuwa nimemtambua kwa picha yake: ni Nestor, Mrundi, ndiye aliyeandika "niko njiani". Basi hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu, "shangazi, sio hao," na Rukia angeolewa kwa amani. Nilifungua mdomo. Shangazi akanitia bakuli la kachumbari mikononi na kusema, "Peleka, na usitazame chini kama mwizi." Nikapeleka. Nikatazama chini kama mwizi.

Wakala. Sijui kama mmewahi kumwona mtu aliyekaa ughaibuni muda mrefu akikutana na pilau yenye binzari ya kwao. Baba yule (jina lake Papa Kasongo, Mkongo, ndiye huyo fundi wangu wa Yeoville) alifumba macho kila tonge. Shangazi akaongeza. Mjomba akaongeza. Hodi nyingine, wakaingia vijana wawili wa Dar na kopo lao la plastiki lenye mfuniko, shangazi akadhani ni wajukuu, akawapa sinia lao. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi jikoni, kila nikirudi sufuria imeshuka, na kila nikimtazama shangazi anatabasamu tabasamu la mama mkwe.

Mwishowe mjomba akakohoa, akajiweka sawa. "Haya, wageni wetu, mmekula, alhamdulillahi. Sasa tunawasikiliza. Mmekuja na neno gani?"

Papa Kasongo akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Nyuma ya mlango wa chumba nilisikia Rukia ameacha kupumua.

"Baba, mama," akaanza, "tumekula na tumeshiba. Hii nyumba iko na mpishi wa kweli. Njo maana, mbele ya watu wote hapa, bila aibu, tunaomba..."

Shangazi akashika mkono wa mjomba.

"...tunaomba mutuongezee kidogo. Na ule ukoko wa chini, kama iko, Nestor anaupenda."

Hapo ndipo tukasikia, kutoka mlango wa mbele ambao vijana wa Dar hawakuufunga, sauti ya mzee: "Hodi hapa. Sisi ni wageni kutoka Turffontein."

Mzee Haji alikuwa mwembamba, kanzu nyeupe, kofia, uso kama amekula ndimu. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa na kapu lililofunikwa kitambaa. Wakasimama mlangoni wakitazama: masinia matatu yamebaki mifupa, mtu mwenye tai amesimama katikati kama anahutubia, na Nestor, ambaye shangazi alimpa sufuria kabla akili haijamrudia, anakwangua ukoko, kwaru kwaru kwaru.

"Hawa ni nani?" shangazi akauliza, sauti ndogo sana.

"Sisi ni wa picha," akasema Mama Furaha, mke wa Papa Kasongo, akatoa simu. "Si ni huyu kijana wenu alituita?"

Shangazi akaichukua simu. Na kwa kuwa hakuwa na miwani, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya Mzee Haji, Bi Zuhura, na nusu ya wapangaji waliokuwa wamejaa koridoni: "Leo kwetu ni pilau. Nimeipika mwenyewe kwa mikono yangu, kwa upendo. Kila punje inakuita kwa jina lako. Nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya spaza ya kona. Karibuni nyumbani, wapendwa wangu, msione haya."

"Umeipika wewe?" shangazi akaniuliza. Kati ya mambo yote, ameuliza hilo.

Nikasema, "Ni adabu ya Indonesia." Sijui nilitegemea nini.

Mzee Haji akageuka. "Bi Zuhura, twende. Tumetoka nyumbani hatujala makusudi, kumbe posa ya watu ni karamu ya barabara."

Mlango wa chumba ukafunguka inchi moja. "Sudi," sauti ya Rukia ikatoka humo, tulivu kabisa, "akiondoka huyo mzee nitakunyonga kwa waya wa chaja." Kisha nikasikia analia. Hapo ndipo kitu kikanisukuma, maana Rukia halii.

"Kaeni!" nikasema. Kwa sauti. Hata mimi nilishtuka. "Kaeni kidogo tu, babu. Chakula kinakuja."

Hakikuwepo. Nilikimbia spaza, kile kiduka cha kona, nikachukua tambi za pakiti kwa mkopo, mayai na kabichi, nikarudi nikawasha jiko. Ni chakula kimoja tu ninachoweza kupika, tambi za kukaanga za Mbak Rini, nimesoma maelezo yake mara nyingi hadi najua kitunguu chake kinalia vipi kwenye mafuta. Nestor akakatakata kabichi bila kuambiwa, ukoko ukiwa bado mdomoni.

Niliporudi sebuleni na sinia nikamkuta Mzee Haji bado amesimama mlangoni, na Papa Kasongo amemshika mkono, anamwambia, "Mzee, nisikilize mimi ambaye sijulikani hapa. Tumeingia wageni kabisa, hawakutuuliza jina, hawakutuuliza dini, walitupatia nyama ya kuchagua. Ukipata bibi-arusi wa nyumba ya namna hii, kamata!"

Mzee Haji akamtazama mjomba. "Ni kweli? Mliwalisha bila kuwajua?"

Mjomba akakohoa. "Ndiyo desturi yetu," akasema. Shangazi alikuwa anatazama dari.

Mzee akakaa. Nikatua sinia, mayai yamelala juu ya tambi, mvuke unapanda. Akanyoosha mkono.

"Subiri!" akasema Bi Zuhura, akatoa simu kapuni. "Msiguse. Sudi, mwanangu, geuza sinia kidogo, yai lielekee dirishani."

Mkono wa Mzee Haji ukabaki hewani, vidole vimekunjwa, vinasubiri. Nilijua vidole hivyo. Nimeviona pembeni mwa picha za watu, maisha yangu yote ya simu.

"Kila siku hivi," mzee akaninong'oneza. "Sijala chakula cha moto tangu anunue hiyo simu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu akacheka, na ni yeye mwenyewe aliyeanza. Posa ikasemwa, ikapokelewa, Papa Kasongo akasema amina kwa nguvu kuliko wote.

Harusi inakuja, na mimi nimeambiwa siku hiyo simu yangu itakaa ndani ya begi la shangazi. Nimekubali. Picha za chakula bado napiga, siwezi kudanganya, lakini nimejiapiza kwamba siweki mtandaoni mpaka sufuria imeoshwa na kufudikizwa, na watu waione imefudikizwa.

Kuna jambo moja tu halijaisha. Usiku ule kabla sijalifuta lile andiko, Mbak Rini mwenyewe, niliyemsoma kimya muda wote huo na ambaye jina lake nilikuwa nimelibandika kwenye picha ili aione, alikuwa ameandika chini yake: "Inaonekana tamu, mdogo wangu. Niko njiani, naleta sahani." Nilifurahi nikamwonyesha shangazi.

"Huyu naye anatoka wapi?"

"Indonesia. Lakini haji, shangazi, kwao ni adabu tu."

"Hata hawa ulisema ni adabu," akajibu, akaenda kabatini. Ametenga sahani ya maua, ile ya wageni, ameifunika na nyingine juu, na mpaka leo hakuna mtu nyumbani kwetu anayeruhusiwa kuigusa.