Jiwe Lililosagwa Kupita Kiasi

Majirani walimwita Mzee Vimondo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimsalimia asubuhi umekwisha: utasimuliwa habari za mawe yaliyodondoka kutoka angani mpaka chai yako ipoe. Ndiyo maana wengi walimpungia mkono kwa mbali na kuongeza mwendo.

Alikuwa fundi wa maabara chuoni, na alipostaafu wakampa hadubini kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Aliiweka juu ya meza ya cherehani ya marehemu mkewe. Kazi yenyewe inataka subira. Anakata kipande cha kimondo, anakibandika kwenye kioo kwa gundi, anakisaga kwa unga mkali wa kusagia mawe na maji mpaka kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Akikiweka kati ya vichujio viwili vya mwanga vya hadubini, jiwe lililokuwa jeusi kama mkaa linatoa buluu, waridi na rangi ya machungwa. Anapiga picha, anakizungusha kidogo, rangi zinabadilika, anapiga nyingine.

Kila Jumamosi picha zilikwenda kwa binti yake wa pekee, aliyeishi mji mwingine. Binti alijibu kwa alama ya dole gumba. Shangazi mtu, aliyetumiwa moja kwa bahati mbaya, aliuliza kitambaa hicho kinauzwa wapi. Mzee alicheka peke yake mpaka akakohoa, kisha nyumba ikarudia ukimya wake, na ukimya ule ulimuuma.

Siku moja binti akapiga simu: anakuja kikazi, atapita kumsalimia. Mzee akapania. Tangu aipate hadubini ile, hakuna jicho lililoiinamia zaidi ya lake, na alichotamani ni hicho tu, mwanawe aone, waone pamoja. Akatoa kipande cha mwisho cha kimondo alichokipenda kuliko vyote. Akasaga, akatazama: rangi safi kabisa. Mwenye akili angeishia hapo. Yeye akataka zing'ae zaidi kwa ajili ya mgeni, akaongeza mizunguko michache ya mkono. Wasagaji wa mawe wanalijua kosa hili. Ukipitiliza kidogo tu, rangi zinakufa. Alipotazama tena, kila kitu kilikuwa kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo.

Mlango ukagongwa.

"Shikamoo, baba. Sikai sana, gari linanisubiri."

"Marahaba, mama. Njoo kwanza utazame kitu."

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye boksi la vioo vya zamani ili abadilishe, kisha ukasita. Akiuliza rangi zimekwenda wapi, mzee alijiambia, basi mtoto huyu huwa anazitazama picha zangu. Matumaini yakampanda. Akakiacha kile kile cha kijivu.

Binti aliinama, mkoba ukiwa bado begani, akafumba jicho moja.

"Jamani, nzuri sana, baba! Rangi zake zinapendeza, kama zile unazonitumia."

"Ahsante, mama."

Akamsindikiza hadi getini, akimuuliza habari za kazi na afya, na habari za mawe hakuzigusa hata kidogo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Jumamosi ilipofika hakutuma picha. Hakuna aliyeuliza.