Elvire na Udongo Mweupe

Mama Khaled, muuza mboga wa mtaa wa Gihosha, kule mlimani, alisema Elvire ana mimba. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anafunga mafungu ya lengalenga, kama mtu anayetaja hali ya mvua.

"Mutoto wa miaka kumi na sita, kila siku anakuja kwangu kununua pemba," aliwaambia wateja. "Udongo mweupe! Anatafuna kama biskuti. Mi nimezaa mara tano, nani atanidanganya?"

Kwamba udongo wenyewe ulikuwa wa kwake, akiuuza pembeni mwa nyanya, hapo hakuna aliyegusa. Maneno yalishuka mlima, na kabla ya saa sita yalikuwa yamefika mtaa wa Kinindo, ambako mama yake Elvire hupikia watu majumbani mwao. Yalifika yakiwa yamenona: mimba ina miezi minne, na baba yake ama ni mpiga ngoma wa kwaya, ama fundi wa simu, ama wamesaidiana.

Jioni Mama Elvire aliingia bila kuvua hata viatu.

"Sitaki kusikia kitu. Kesho saa kumi nikitoka kazini, nikute umefunga mizigo. Unaenda Uvira kwa nyanya yako. Masomo imeisha."

"Mama, mi siko na mimba!"

"Na mimi nilisemaga hivyo hivyo, na we ukazaliwa."

Sasa msichana ajibu nini? Kama kuna mtu Gihosha nzima aliyekuwa mbali na mimba, ni Elvire. Tangu miaka kumi na tatu, kila mwezi, damu ilimjia siku nane kama bomba lililopasuka, na tumbo likimkamua kama nguo ya kufuliwa. Pedi mbili kwa pamoja, juu yake kitambaa, juu yake sketi nyeusi, na bado ilipita. Alikuwa na mbinu zake. Darasani alikaa benchi la nyuma. Mkoba aliushusha mpaka ukampiga makalio, ufiche doa; wenzake watatu wakadhani ni mtindo mpya, nao wakashusha ya kwao. Siku moja alijaribu kumwambia mama. "Ndiyo uanamke huo, zoea," mama akajibu, na Elvire akazoea. Alichoshindwa ni hamu ya ule udongo. Harufu yake tu, kama ya mvua ya kwanza, ilimjaza mate mdomoni.

Kesho yake ilikuwa siku ya pili ya damu. Elvire aliacha mizigo kama ilivyo, akaenda kugombana na Mama Khaled. Njiani alipanga maneno matatu makali. La kwanza halijatoka, dunia ikazunguka, naye akaanguka kifudifudi juu ya lengalenga.

"Ya Rabi!" Mama Khaled alimwinua, akaiona sketi. "Mimba inatoka! Jamani, mimba inatoka!"

Hata katika kizunguzungu chake, Elvire alisikia habari inavyokua. Ndani ya taksi, kila aliyewapungia mkono, Mama Khaled alitoa kichwa dirishani akamweleza. Lakini kitenge chake kizuri alikuwa amekitandika chini ya msichana, na mkono wake haukuacha kumpapasa kichwa mpaka kituo cha afya.

Muganga wa kituo alichukua damu na mkojo, akaenda kupima, akarudi.

"Mimba hakuna."

"Imeshatoka," Mama Khaled akamsaidia.

"Haikuwepo, mama. Huyu ana upungufu wa damu." Akamuuliza Elvire siku ngapi, pedi ngapi, tangu lini. Aliposikia, kalamu ikasimama. "Hii si ya kuzoea, mutoto wangu. Hata hamu ya udongo inaletwa na damu kuwa kidogo. Wenye mimba nao damu inawapungukia, ndiyo maana watu wanachanganya."

Alimpa vidonge vya kuongeza damu na vya maumivu, akaandika karatasi ya kumwona daktari wa wanawake Alhamisi.

Nje, Mama Khaled alikikung'uta kitenge chake, akakikunja doa likabaki ndani.

"Mutoto wangu, mi nilisema tu vile niliona."

"Na mpiga ngoma ulimuona?"

"Apana, ule walimuongeza watu wa huko chini ya mlima."

Saa kumi ilikuwa imepita. Mama alikwishafika, na kwa hasira zake, pengine mizigo alikuwa anaifunga mwenyewe. Elvire aliitazama karatasi ya muganga. Ilikuwa kwa Kifaransa, ambacho mama yake hakisomi, na neno la Elvire mwenyewe tangu jana halikuwa na uzito hata wa unyoya. La Mama Khaled lilikuwa nao. Lilitembea mpaka Kinindo asubuhi moja tu.

"Mama Khaled."

"Sema, mwanangu."

"Tukifika nyumbani, we ingia mbele. Ongea vile unajuaga kuongea. Mi nitakuja nyuma na dawa."