Jezi Iliyo Chini ya Jezi

Kila geti lililotoka kwenye karakana ile lilipitia mikononi mwa watu wawili, na watu hao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote linaloviringika.

Wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Nyundo, na siyo kwa sababu ya kazi, bali kwa sababu ya ngumi. Alikuwa na shingo nene, mikono iliyojaa madoa ya cheche, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara hata kama huyo mtu amekaa ubavuni mwake. Alikata vyuma, akaviunga, akasaga viungo kwa grainda mpaka vikawa laini. Kisha geti lilivuka upande wa pili wa turubai lililoigawa karakana, kwa mpaka rangi, ambaye alikuwa mume wa dada yake mdogo.

Nyundo alikuwa Mwekundu. Shemeji yake alikuwa Kijani. Katika mji ule ukishasema hivyo umeshamaliza, lakini nitaongeza kidogo. Nyundo ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa jukwaa la Wekundu. Ngoma yenyewe aliitengeneza kwa pipa la mafuta, akalikata, akalichomelea vishikio, na kuipigia alichonga kipande cha bomba akakifunga mpira wa tairi kichwani. Kwa ajili ya Wekundu alikuwa amelala mahabusu, ameshonwa nyusi, na amemng'oa kinyozi mmoja meno ya mbele kwa sababu ya kucheka vibaya baada ya penalti. Meno ya watu wengine hayakumkosesha usingizi.

Shemeji alikuwa mwembamba, mpole wa mikono, mchungu wa mdomo. Na kazi ilimtesa kwa namna ya pekee: kila geti, hata likiwa la rangi gani, sharti lipakwe kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

"Leo tena umeanza na sisi, shemeji!" Nyundo alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma ya turubai.

"Naanza na nyinyi ili niwafunike vizuri," alijibiwa. "Hakuna mteja aliyewahi kuniambia nimwachie wekundu wake nje."

Walicheka, kila siku, utani uleule. Ila wiki ya mechi ya Wekundu na Kijani hawakusemeshana kabisa. Wateja ndio waliobeba ujumbe.

"Mwambie huyo bwana bawaba ya juu imekaa upande."

"Na wewe mwambie huyo bwana macho yake ndiyo yamekaa upande."

Halafu ikaja mechi ya timu ya taifa. Ilikuwa ya mwisho ya kufuzu, nyumbani, na sare tu ilitosha. Mji mzima ukavaa bluu. Mabenki yakatundika bendera, hata wale majirani wawili waliokuwa wakigombania mtaro wa maji machafu wakasimama wakipeana mikono. Nyundo peke yake aliendelea kusaga chuma.

"Mimi hiyo timu sina habari nayo," alisema. "Inacheza lini? Mara moja, halafu inapotea kama mtu anayekwepa mazishi. Klabu ndiyo inayoniuguza kila wiki. Klabu niliichagua mwenyewe. Nchi nilizaliwa tu nikajikuta nimo."

"Na mama yako je, ulimchagua?" Shemeji aliuliza.

"Mama usimguse."

"Sijamgusa mtu. Nauliza."

"Halafu kipa wenu ndiye yuko golini," Nyundo akatema mate. "Nimshangilie yule? Tumemlea sisi tangu hana ndevu, akavuka kwenda kwenu akatucheka. Bora nishangilie grainda."

Kipa aliyetajwa aliitwa Kufuli. Kweli alikulia kwa Wekundu, na kweli alivuka. Tangu siku hiyo Wekundu walikuwa na desturi yao. Kufuli alikuwa na tabia moja kabla ya kuupiga mpira kutoka golini: aligonga mwamba wa kushoto kwa kisigino, kisha wa kulia, kisha akarudi nyuma. Kisigino cha kwanza kikigonga, ngoma ya Nyundo ilianza kunguruma. Cha pili, ikazidi. Mguu ukigusa mpira, jukwaa zima lililipuka kwa neno moja: "Msaliti!" Miaka yote hiyo, hakuna mpira alioupiga mbele yao bila neno hilo.

Mgogoro wa karakana ulikatwa na dada mtu, aliyekuja na chakula cha mchana akawakuta wamenuniana.

"Kaka, utakwenda naye," alisema. "Mtakaa pamoja, mtavaa nguo moja, kama watu wa nyumba moja. Nimechoka kuolewa na adui wa ndugu yangu."

Nyundo aliweza kumkatalia refa, polisi na mungu wa radi, lakini siyo huyu. Mama alipofariki walibaki wawili tu.

"Sawa. Nitakwenda naye."

"Na umrudishe kama ulivyomchukua."

"Nitamrudisha hata na kilo zaidi."

Walikwenda wamevaa jezi za bluu, Nyundo na ngoma yake mgongoni. Walipokuwa wakipanda ngazi za jukwaa, Shemeji alimtazama Nyundo shingoni.

"Hicho chekundu hapo kwenye kola ni nini?"

"Fulana. Nasikia baridi."

"Na jua hili?"

"Wewe je? Hebu tuone kiunoni." Nyundo akamvuta jezi kidogo, na ukingo wa kijani ukachungulia. Walitazamana, kisha wakacheka mpaka watu wa nyuma wakawasukuma wapite.

Jukwaa lenyewe halikuwa limesahau kitu. Wekundu walikaa mwisho wao wa siku zote, Kijani upande wao, na katikati uzio wa waya, ingawa kila mtu alikuwa wa bluu. Shemeji alikaa katikati ya Wekundu kama mgeni msibani. Pembeni yake alikuwa muuza nyama mmoja, rafiki wa Nyundo wa chanda na pete, aliyeitwa Kiwembe.

Mechi ilikuwa ya mateso. Wageni walishambulia kama waliotumwa kudai, na Kufuli akadaka. Akadaka ya chini, akadaka ya juu, akaitoa moja kwa ncha za vidole watu wakiwa wameshafumba macho. Shemeji alikuwa analia waziwazi. Na Nyundo, bila kumwambia mtu, alikuwa anapigia ngoma timu ya taifa kwa mara ya kwanza maishani, na kitu fulani kilimpanda kifuani ambacho hakukitambua. Upande wa pili wa waya Kijani walikuwa wanaimba kwa kufuata pigo lake. Hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Aliona uwanja mzima umekuwa mwili mmoja, na moyo wake ni pipa lake la mafuta.

Zilibaki dakika chache, bado bila kwa bila. Mpira ukatoka nje, Kufuli akauweka chini. Akaenda kwenye mwamba wa kushoto, akaugonga kwa kisigino.

Mikono ya Nyundo ilianza yenyewe. Hakuituma. Kama mtu aliyeacha sigara anavyojikuta anapapasa mfuko, ndivyo bomba lilivyoshuka juu ya pipa, likanguruma. Kisigino cha pili. Alisikia Shemeji anapiga kelele, "Nyundo! Acha, Nyundo!" lakini tayari ngoma ilikuwa imepanda, na maelfu ya vifua nyuma yake vilikuwa vimevuta pumzi.

"Msaliti!"

Kufuli aliinua kichwa. Nusu sekunde tu, kama mtoto aliyezabwa kofi katikati ya kula. Mguu ukaukwangua mpira, mpira ukaenda chini, ukamfikia mshambuliaji wa wageni ambaye hata yeye alishangaa. Akautia wavuni.

Kisha uzio ukalala.

Kijani waliukanyaga waya kama nyasi wakaja. Walikuja na viti walivyong'oa, na chupa, na mikanda imezungushwa viganjani. Wekundu wakawapokea. Watu wenye jezi moja, wenye bendera moja mashavuni, wakachanana kama mbwa jalalani. Mzee mmoja alisukumwa akabiringika ngazi hadi chini. Mwanamke alikuwa anaburuzwa kwa nywele na mtu ambaye bado alikuwa na kipyenga mdomoni, kinalia kila anapohema. Damu juu ya bluu haionekani nyekundu. Inaonekana nyeusi tu, kama mafuta ya mashine.

Nyundo alipigana kama alivyojua. Alivunja pua, akapasua mdomo, akala kiti mgongoni. Na aliyesimama mbele yake, mikono imeinuliwa, akiwazuia Kijani wenzake wasimmalize, alikuwa yule mwembamba.

"Huyu ni ndugu yangu! Jamani, huyu ni shemeji yangu!"

Mmoja akamkamata jezi ya bluu, ikachanika kuanzia shingoni mpaka kitovuni. Kijani yote ikabaki nje.

Kiwembe akaiona.

"Kumbe tuna nyoka ndani!" alipiga kelele, na Wekundu wakageuka. Sasa hawakuwa Kijani waliompiga, walikuwa watu wa Nyundo, waliokunywa naye, waliombeba siku ya mazishi ya mama yake. Walimwangusha, wakamkanyaga mbavu. Kiwembe aliinua ufito wa chuma wa kiti, akaushusha usoni mwa Shemeji.

Nyundo aliisikia sauti ile kuliko kelele zote za uwanja. Alilishika bomba lake la ngoma kwa mikono miwili, akampiga Kiwembe kwenye taya kwa nguvu zake zote. Taya likahama. Akampiga mwingine begani, akampiga mwingine gotini, wote Wekundu, wote anawajua mpaka majina ya watoto wao. Kisha akamtupa Shemeji begani kama geti dogo, akashuka naye.

Hospitalini, dada mtu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Daktari alimwambia jicho la kulia halipo tena. Muuguzi akampa nguo za mumewe ndani ya mfuko, naye akazitoa moja moja: bluu iliyochanika, na chini yake kijani. Akaitazama kijani ile kwa muda. Kisha akamgeukia kaka yake, akanyoosha mkono, akaivuta kola yake. Nyekundu.

"Wote wawili," alisema. "Niliwavalisha nguo moja, wote wawili mkanidanganya."

Asubuhi redio zote zilimlaumu kipa. Nyumba ya Kufuli ilivunjwa vioo. Hakuna aliyeilaumu ngoma. Watu walizungumzia uzalendo, wakubwa wakatoa pole, na wiki iliyofuata klabu zikarudi kuuza tiketi.

Wekundu walikuja karakanani Shemeji akiwa ameanza kazi tena, kitambaa kimefunika tundu la jicho, anajifunza upya umbali wa mkono na chuma. Walikuwa kundi. Kiwembe alikuwa mbele, taya limefungwa waya, hawezi kusema, kwa hiyo alionyesha kidole: kwanza Nyundo, kisha ngoma, ambayo Nyundo alikuwa ameirudia uwanjani siku ya pili.

"Unapiga watu wako kwa ajili ya Kijani?" mwingine alimsemea.

"Nilimpigania mume wa dada yangu."

"Sisi ndio tulikuwa dada zako."

Walimpiga kwa vyuma vyake mwenyewe. Walimvunja mbavu na kidole, wakakisukuma kichwa chake kwenye meza ya kukatia. Ndipo turubai likafunguka, na Shemeji akatoka ameshika bunduki ya rangi, kompresa inanguruma nyuma yake. Siku hiyo mteja alikuwa ameagiza geti la kijani. Aliwapulizia vifuani mmoja mmoja, jezi zote nyekundu zikageuka. Hakumgusa mtu yeyote machoni. Mkono wake ulikuwa chini muda wote. Walikimbia wakimtukana, lakini ngoma walikwenda nayo.

"Umeona?" Shemeji alisema akimwinua. "Hata leo mmefunikwa." Nyundo alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza.

Kidole kilikuwa kimeshapona vibaya ilipofika mechi ya Wekundu na Kijani. Shemeji alisema anakwenda. Mkewe alisema hakwendi mtu. Walibishana, vyombo vikagongwa, na mwisho mke ndiye aliyemgeukia kaka yake.

"Kaa upande ule asioona," alisema.

Basi Nyundo akaketi jukwaani kwa Kijani, amevaa ovaroli la kazi na chini yake ngozi tupu. Alikaa kulia kwa Shemeji. Majirani walimjua, walimtazama mikono, siyo uso. Mtu wa nyuma alimwambia polepole, "Ukipiga hata kofi la paja, hutoki." Alijibu, "Nimekusikia, kaka."

Kufuli akauweka mpira chini. Kisigino kikagonga mwamba, na kutoka ng'ambo ya uzio uliosimamishwa upya Nyundo akaisikia ngoma yake. Ilipigwa na mtu asiyeijua. Ilichelewa pigo moja, ikawa inakimbizana na sauti za watu. Mikono yake ikaruka magotini. Aliibana katikati ya mapaja, akaibana mpaka kidole kibovu kikapiga kelele.

"Msaliti!"

Na nyuma ya neno hilo yakaja mawe. Aliona moja likitoka juu, dogo, jeusi, likikua, likija moja kwa moja upande ule usio na jicho. Shemeji alikuwa anautazama mpira. Nyundo akanyoosha kiganja mbele ya shavu lake, jiwe likatua ndani yake, likapasua ngozi hadi mfupani.

"Nini hiyo?" Shemeji aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna kitu. Angalia mpira."

Damu ilikuwa inamdondokea kwenye ovaroli. Aliukunja mkono uliopasuka, akainua ule mwingine, akauweka pale pale hewani, kwa sababu lingine lilikuwa limeshatoka.