Kiraka kwenye Mkia wa Ndege

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya kutengeneza picha za zamani lilikuwa kufuta doa ambalo halikuwa doa. Lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, jeusi, la umbo la mstatili, kwenye mkia wa ndege ya jeshi ya kufundishia marubani. Nilitumia karibu asubuhi nzima kulifuta, nikilifunika kwa weupe wa pembeni kidogo kidogo, na nilipomaliza nilijipongeza. Kwa zaidi ya wiki mbili sikumwambia mtu.

Sikusomea kazi hii. Nilijifunza peke yangu kwa kutazama video, kwenye chumba kimoja cha duka pale Gongoni, Tabora, ambacho nusu yake ni ya kutoa kopi na kulaminisha vyeti. Mtu aliyejifunza peke yake ana woga wake. Mteja akiinua picha kuitazama kwenye mwanga, nadhani ameona kitu ambacho mtu aliyesoma angekiona zamani. Ndiyo maana nilikuwa nafuta sana. Mkwaruzo, vumbi, alama ya kidole, vyote nilivifuta, kisha narudi nafuta tena palipokwisha kuwa safi.

Picha ile ililetwa na bibi mmoja, mjane wa fundi cherehani aliyejulikana mjini kwa kanzu zake. Fundi alikuwa amezikwa siku chache kabla. Bibi alikuja na fremu aliyoifunga kwenye kanga, akaifungua juu ya meza yangu polepole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maelezo yake. Alitaka picha ikuzwe, itundikwe sebuleni siku ya arobaini, watu watakapokuja kumsomea marehemu dua.

Kwenye picha alikuwepo kijana mwembamba amevaa kanzu, amesimama karibu na mkia wa ndege ya propela moja yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Pembeni yake mwanajeshi kijana ameweka mkono juu ya ndege kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyemnunua. Nyuma yao nyasi na anga tupu.

"Hii ndiyo ndege aliyoishona," bibi aliniambia.

Nilitikisa kichwa kwa adabu. Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya mtu aliye msibani, au labda marehemu aliwashonea marubani sare na habari ikakua kadiri miaka ilivyopita. Ningeweza kumuuliza swali moja tu. Lakini naogopa kuuliza maswali, kwa sababu anayeuliza anaonekana hajui.

Picha ilikuwa imenata kwenye kioo cha fremu. Niliiskani ikiwa bado ndani ya kioo, nikafanya usafi wangu, nikahifadhi. Ningeishia hapo. Ila mwanga wa kioo uliacha ukungu kwenye kona moja, nami sikuweza kuvumilia ukungu. Nilikuwa nimeona video ya mtu akilowesha picha ya namna hiyo kwenye maji ikaachia yenyewe. Nililowesha. Kwa dakika kadhaa hakikutokea kitu, kisha sura ya picha ikaanza kujikunja na kuachana na karatasi yake, kama utando juu ya maziwa unapoguswa na kijiko. Nilipotoa mkono kwenye beseni, ndege ilikuwa vipande kwenye vidole vyangu.

Nilirudi mbio kwenye kompyuta kutafuta skani ya kwanza. Haikuwepo. Nilikuwa nimehifadhi kazi yangu juu yake, faili lilelile, jina lilelile. Kilichobaki duniani cha picha ile, kwa nilivyojua, kilikuwa toleo langu safi. Basi nilifanya jambo ambalo hadi leo naona haya kuliandika. Nilichapa nakala ndogo kwenye karatasi isiyong'aa, nikaikata kingo ziwe na ukubwa wa ile ya zamani, nikaiweka kwenye fremu yake na kioo chake. Bibi alipokuja kuchukua fremu, alisema macho yake hayaoni vizuri siku hizi lakini anaona nimefanya kazi nzuri. Picha kubwa nilimwambia itakuwa tayari karibu na arobaini.

Sikuweza kuichapa hiyo kubwa. Kila nilipoifungua niliona kasoro. Nikajiambia tatizo ni kwamba siijui ndege yenyewe, siwezi kutengeneza kitu nisichokijua. Hapo ndipo nilipoanza kutazama picha za ndege za mafunzo za zamani, na kwa siku kadhaa sikufanya kazi nyingine ya maana.

Ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Watu wa nchi mbalimbali wameweka albamu za baba zao kwenye mtandao. Nchi tofauti, sare tofauti, lakini picha ni zilezile: mwanafunzi ameegemea bawa, mikono ya shati imekunjwa, anacheka, mwalimu kasimama hatua moja nyuma, hacheki. Nilijifunza kwamba kwenye nyingi ya ndege hizo kila kiti kina usukani wake uliounganishwa na wa mwenzake, mwalimu akigeuza wake na wa mwanafunzi unacheza. Nikawaza jinsi ingekuwa vizuri kujifunza kitu chochote namna hiyo, mtu mwingine akiwa ameshika upande wa pili. Niliandika majina ya sehemu kwenye daftari. Nilianza kutambua magurudumu, umbo la kuba la kioo juu ya viti, matundu ya kupitishia hewa. Nilifurahi kama nilivyokuwa sijafurahi siku nyingi.

Kisha nikafika kwenye picha ya wanaume wawili ndani ya banda, wameinama juu ya bawa, mmoja ameshika sindano. Niliyasoma maelezo yake mara tatu. Ndege nyingi za aina hiyo, hata zinazoonekana bati tupu, sehemu fulani zimevikwa kitambaa, hasa kile kipande cha mkiani kinachogeuka kama mlango ili ndege ielekee kushoto au kulia. Kitambaa hicho hupakwa dawa ya kukikaza kiwe kama ngoma. Kikichanika, hushonwa. Kikishashonwa, hubandikwa kiraka cha mstatili na kupakwa dawa tena.

Nilikaa nikitazama mkia mweupe, safi, niliousafisha mwenyewe. Fundi alikuwa ameshona ndege kweli, ushahidi ulikuwa kiraka kimoja, na mimi nilikuwa nimekifuta.

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa bibi. Nilimweleza yote, maji, vipande, nakala niliyoificha kwenye fremu yake. Nilikuwa nimejiandaa kupokea hasira yake. Hakukasirika kwa sauti. Aliishusha fremu ukutani, akaisogeza karibu na jicho, akapapasa kioo kwa kidole pale kwenye mkia.

Aliniambia marehemu alisimulia habari ya ndege ile tangu siku za uchumba wao, na watu walimcheka nayo maisha yake yote. Aliyeongoza kucheka alikuwa mtani wake, Mgogo mmoja mfugaji. Marehemu alikuwa Mnyamwezi, na utani wao ulikuwa wa kurithi, wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo wakielekea pwani na wakigombana na wenyeji juu ya maji. Mtani huyo alimpa marehemu jina la Mshona Ndege, na jina likakaa mpaka watoto wake wakalichukia. Hata msibani, siku ya kuzika, mtani alisimama kama desturi inavyomruhusu akauliza waombolezaji kama sanda nayo imeshonwa kwa uzi wa ndege. Watu walicheka huku wakilia. Mwanawe mkubwa aliondoka pale.

"Sikutaka picha nzuri, mwanangu," bibi alisema. "Nilitaka watoto wake wakione kile kiraka. Baba yao hakuwa mwongo."

Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwepo siku hiyo. Lilikuwa swali la kwanza nililomuuliza tangu tujuane. Alifikiri. Alisema mtani mwenyewe alikuwa akichunga ng'ombe upande ule wa uwanja wa ndege ujanani, lakini mara zote alikataa kwamba aliona ndege yoyote. Sasa anaishi Igunga kwa binti yake. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika arobaini.

Nilipanda basi asubuhi ya kesho yake. Mzee nilimkuta uani, kwenye kiti kilichobakiwa na mkono mmoja, akimsimamia binti yake aliyekuwa akianika mpunga. Nilimwamkia, nikajieleza. Aliniuliza kama mimi ni Mnyamwezi. Nilipokubali, akamwambia binti yake asiache kitu cha thamani karibu na mgeni. Kisha akaniuliza jinsi mtu anavyoweza kuharibu picha kwa kuiosha, hivi na nguo zangu huwa nazifua kwa moto?

Nilicheka, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda. Akagusa mahali palepale bibi alipogusa.

"Umetoa kiraka," alisema.

Nilimwambia kwa hiyo aliiona ndege. Alinirudishia simu. Nilikuwa na hofu kubwa ya kuharibu na hili pia, lakini udadisi ulinishinda nikaendelea: ilitua kwa nini, ilichanwa na nini, nani alimwita fundi. Nilimuuliza pia dawa ya kukaza kitambaa ilipatikana wapi Tabora. Nadhani swali hilo la dawa ndilo lililomfungua, kwa sababu alijua jibu na hakuwahi kuulizwa na mtu.

Alisema mwalimu wa rubani alikuwa na kopo lake ndani ya sanduku la vifaa, ila rangi nyeupe hakuwa nayo, ndiyo maana kiraka, kilichokatwa kwenye kitambaa cheusi, kilibaki hivyo. Wanafunzi wa urubani walikuwa wakifundishwa kusafiri kwa kufuata reli kutoka Dodoma, ileile njia ya misafara, na ndege hiyo ilitua kupumzika. Mwalimu na mwanafunzi wakaenda mjini kunywa chai. Aliyebaki karibu na ndege alikuwa yeye, kijana mwenye ng'ombe, aliyesogea kutazama. Fahali wake naye akasogea. Alikuta kitu cheupe kinachotikisika kwa upepo, akakipiga pembe.

"Nilikimbia na ng'ombe wote," alisema. "Mali ya jeshi ile. Nilijua nimekwisha."

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye na fundi mwenyewe: wanajeshi waliporudi walikuta mkia umechanika na hakuna mtu. Wakatafuta fundi wa kushona, wakaletewa kijana wa kanzu, akashona mpasuko kwa mishono midogo ileile aliyokuwa akiweka kwenye kola. Alikuwa amewaona ng'ombe wakikimbizwa na alijua ni wa nani. Mwalimu alimuuliza. Alijibu kuwa labda ni upepo. Baada ya hapo, kila aliposimulia habari ya kushona ndege na watu wakamuuliza ilichanikaje, alisema hajui. Simulizi isiyo na sababu ilisikika kama uongo. Na mtani wake, kwa kuogopa kwanza, halafu kwa mazoea, akawa wa kwanza kuicheka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema baadaye, jeshi lilipokwisha kusahau. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto.

"Mtani anakiri vipi?" alisema. "Kila mwaka nilisema mwaka huu nitalisema mbele ya watu. Nikifika, naona sura yake, natania."

Alimtuma binti yake ndani. Binti alirudi na bahasha ya vyeti vya kliniki, na katikati yake picha. Ilikuwa ileile, imekunjwa mara moja, imechafuka, ina alama ya mafuta kwenye anga. Mpiga picha alimpa fundi nakala mbili, na moja fundi alimpelekea yeye akamwambia aitunze, kwa kuwa fahali wake pia amefanya kazi humo. Kwenye mkia kiraka kilionekana wazi, kimeenda upande kidogo. Nilipoisogeza machoni niliona hata mishono, nukta ndogo ndogo pembeni ya weusi.

Niliiskani palepale kwa simu mara nne, halafu mzee akasema niende nayo tu, ataifuata mwenyewe.

Alikuja. Siku ya arobaini, dua ilipomalizika na watu wakiwa bado kwenye mikeka, alisimama mbele ya picha kubwa ukutani. Sikuwa nimeondoa mkunjo wala alama ya mafuta, na nilikuwa nimejificha nyuma karibu na mlango, nikiona kasoro zake zote. Mzee aliitazama akaanza kama kawaida yake. Alisema tazameni, Mnyamwezi hata kiraka cha jeshi amekishona upande. Watu wakacheka. Mtoto mkubwa wa marehemu akainamisha kichwa.

Mzee hakuongeza utani mwingine. Alimgeukia yule mtoto mkubwa, akasema, "Ng'ombe alikuwa wangu. Baba yako alinifichia siri." Akaeleza yote, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi, bila mzaha hata mmoja. Mtoto mkubwa aliinuka, akaenda ukutani, akatazama mkia kwa karibu sana. Bibi alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Alijifunika uso kwa ushungi, na mabega yake yalitikisika, na kwa mbali sikuweza kujua analia au anacheka.

Siku hizi nahifadhi skani ya kwanza mahali pake na siigusi tena. Picha haiingii majini. Na kabla sijafuta alama yoyote, namuuliza aliyeileta ni nini, hata kama swali linanionyesha sijui.