Bia Iliyonukia Siagi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Ni Jumapili alasiri pale Keumbu, tulipofungua pipa la kwanza la bia yetu, mimi na binamu yangu Bosibori.

Tulikuwa wasichana bado, tumemaliza chuo, tumepanga chumba nyuma ya duka la mbolea na leseni ya kupika bia tunayo. Bosibori ndiye aliyeipika. Alikuwa amejifunza kutengeneza bia ambayo kwa Kiingereza huitwa "pale ale", ya rangi ya dhahabu, chungu kiasi kwa sababu ya hops, maua makavu yanayochemshwa ndani yake, na ambayo ikitoka vizuri hunukia kama ganda la chungwa. Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta wateja.

Siku hiyo niliwaalika marafiki waionje. Mmoja wao alikuwa Atieno, msichana wa Homa Bay aliyefanya kazi kwenye baa ya hoteli moja Kisii mjini. Bia aliijua kuliko sisi sote. Aliinua glasi kwenye mwanga, akainusa, kisha akainusa tena. Kabla hajafungua mdomo nilimshika bega nikicheka.

"Si ni tamu, Atieno? Hebu sema ni tamu! Bosibori hajapata usingizi kwa ajili ya hii bia!"

Akatabasamu. "Ni tamu, dada. Hongereni."

Wote wakapiga makofi. Bosibori alilia kwa furaha, akajifuta machozi kwa aproni.

Basi tukaipeleka kwenye harusi moja kubwa huko Nyamira, tukijua wageni wakiipenda tumepata soko. Wageni wakaonja, wakatazamana, wakaweka glasi chini. Nilipita kati ya meza nikaziona glasi zote bado zimejaa. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Nani ametia siagi kwenye bia?" Watu wakaangua kicheko. Nilipogeuka, Bosibori alikuwa amesimama nyuma yangu, na alikuwa amesikia.

Kesho yake nilimfuata Atieno kazini nikiwa nimefura.

"Ile harufu ya siagi uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Moraa?" Hakuniangalia. "Ilitaka tu kuachwa mahali pa joto siku chache zaidi kabla ya kuipoza. Hamira yenyewe ingeimaliza hiyo harufu."

Siku chache tu, mwanangu.

Nikaenda Ekerenyo kumlalamikia mama. Mama ni Msabato, pombe hajaionja maishani, nami nilitarajia aniambie hayo ndiyo malipo ya pombe. Hakusema hivyo. Alinisikiliza nikamweleza yote, hata lile bega nililolishika, kisha akaniuliza, "Ulitaka akwambie ilivyo, au ulitaka akusifu?"

Nikaanza kujitetea, akanikatiza.

"Umemshika bega, unacheka, na dada yako Bosibori amesimama pale anangoja," mama akasema. "Huyo msichana wa watu angeanzia wapi? Usimlaumu. Jibu ulikuwa umeshampa wewe."

Nilirudi Keumbu nikitaka tujaribu tena. Nikakuta Bosibori ameshaosha mapipa na kumpa mtu mwingine. "Nimechoka kuchekwa," akaniambia. Siku hizi anachuma majani chai shambani kwa mumewe. Nikimtembelea hunipokea vizuri, tukala, tukaongea habari za watoto. Za bia hatuzigusi. Mkono wake ulikuwa mzuri, mwanangu, na sijapata mwingine aliyeipenda ile kazi kama yeye.

Kwa hiyo nakuusia. Ukimpa mtu kazi ya mikono yako aipime, iwe ni kinywaji au nguo uliyoshona, mpe kisha unyamaze. Usimtangulizie jibu. Muulize kilichoharibika ni nini, umngoje, hata kama kule kungoja kunakuumiza. Na anayekwambia ukweli mshukuru hapo hapo, ili kesho asiogope kukwambia tena. Afadhali mwenzako alie jikoni kwenu, mahali mnapoweza kurekebisha, kuliko alie mbele ya wageni.

Mungu akujalie marafiki wasiokuogopa, na akupe masikio ya kuwasikia mapema.